Kiti cha Mlangoni

Kilole, Korogwe
14 Januari 2024

Mwanangu Grasiana,

Marahaba, maana najua umeniamkia kabla hujamaliza kufungua bahasha. Mimi sijambo, ila kifua kinanisumbua alfajiri. Masikio ndiyo basi tena. Juzi uliponipigia simu nikawa naitikia "vizuri, vizuri sana," kumbe unaniuliza nani kafariki hapa mtaani. Bernadina jirani alicheka mpaka akakaa chini. Kwa hiyo tuandikiane. Macho bado ninayo, na Muhidini wa basi la asubuhi haoni taabu kubeba barua mpaka hapo Mkata.

Hilo boksi alilokuletea ni ndege ya vipande vya kuunga. Usicheke. Nimelikuta sokoni kwenye mitumba, katikati ya midoli isiyo na vichwa, halijafunguliwa. Nilipoiona picha yake nikalinunua papo hapo. Mabawa mawili mawili, moja juu, moja chini, injini mbili, na madirisha ya abiria ubavuni. Ndiyo ile ile iliyokuwa ikitua shambani enzi za mkonge. Ndiyo iliyomchukua mama yangu kwenda hospitali mwaka 1953, mimi nina miaka mitano, na hakurudi. Habari yake unaijua: nilisimama kiwanjani nikampungia mkono, naye akanipungia dirishani.

Nataka uniungie. Nimejaribu mwenyewe, nikavunja gurudumu. Wewe ni fundi cherehani, unatia uzi kwenye sindano huku unamsema mtu. Kati ya bawa la juu na la chini kuna nyuzi. Usiweke za dukani. Nimekufungia katani, uchambue uzi mmoja mmoja, uuvute ukaze kabisa. Ndege hiyo ilikuja kwa ajili ya mkonge, bwana.

Wasalimie wote hapo.

Baba yako,
Mikaeli


Mkata, Handeni
28 Januari 2024

Shikamoo Baba,

Pole na kifua. Chemsha tangawizi, na usimwambie Bernadina umeshakunywa wakati umeimwaga nyuma ya nyumba. Aliniambia. Sisi huku wazima, mahindi yanasubiri mvua, na mimi nasubiri wateja waje kuchukua nguo zao.

Baba, umenipa kazi! Vipande sitini na kitu, vidogo mpaka kimoja kilinasa kwenye sweta nikakitafuta siku nzima. Gundi iliyokuwemo ilikuwa imekauka, nimenunua nyingine kwa Fatu. Rangi ya fedha nimeipata saluni kwa Loveness, ni rangi ya kucha. Wateja wanauliza nashona nini. Nawaambia namshonea baba yangu ndege. Wamenizoea.

Mwili umeshaungana. Ndani kuna viti vinane, kimoja huku, kimoja huku, katikati njia ya mtu mmoja tu. Nimemshona Bibi kwa kitambaa cha kanga, mdogo kama ukucha. Sasa niambie nimkalishe wapi. Wewe ulisimama upande gani ulipompungia mkono? Nataka dirisha liwe lile lile.

Mwanao,
Grasiana


Kilole, Korogwe
11 Februari 2024

Mwanangu,

Nimepata barua yako wiki mbili sasa. Hali yangu ya kawaida, kifua bado. Nimechelewa kujibu kwa sababu swali lako limeninyima raha.

Sikumpungia mkono, Grasiana. Sikuwepo kiwanjani.

Asubuhi ile mama alinichapa kofi. Nilimwaga uji wake, naye alikuwa mgonjwa, hana nguvu ya kupika mwingine. Nikasusa. Baba aliniita twende tukamuage, nikakimbilia kule walikoanika katani, nikajificha chini ya nyaya. Katani nyeupe ilinifunika, hakuna aliyeniona. Nilisikia wakiniita jina. Nilimsikia yeye pia akiniita, kwa sauti ndogo ile ya ugonjwa. Sikuitika.

Watu wanne walimbeba kwenye kiti cha ofisini, maana alikataa kulazwa. Hayo nilisimuliwa baadaye. Mimi nilisikia injini tu. Ndege ilinipita juu, chini kabisa, mpaka katani ikapeperuka, na hapo ndipo nilipotoka. Nilikimbia nyuma yake katikati ya katani nikipiga kelele, shati langu jekundu. Ilikuwa imeshanipita.

Habari ya kupungiana mkono niliitunga mazishini, watu waliponiuliza. Nilimwambia baba yangu kwamba nilitokea pembeni dakika ya mwisho, nikamwambia marehemu mama yenu, nikawaambia ninyi. Miaka sabini na moja nimesema uongo ule ule.

Sasa unielewe kwa nini nataka ndege hii. Ikishasimama na mabawa yake, chungulia madirishani uniambie: mtu aliyekaa ndani angeweza kumwona mtoto aliye chini, ambaye ndege imeshampita? Basi, ni hilo tu. Na usinijibu kwa kunionea huruma. Nitajua.

Baba yako,
Mikaeli


Mkata, Handeni
25 Februari 2024

Shikamoo Baba,

Natumaini kifua kimepungua. Barua yako niliisoma nikafunga duka, nikalia. Si kwa uongo wako. Nililia kwa yule mtoto chini ya katani.

Umesema nisikuonee huruma. Haya. Mabawa ya chini nimeyabandika jana. Nimemkalisha Bibi kiti cha katikati, nikaweka jicho langu pale alipo yeye, nikatazama nje. Bawa la chini liko chini ya dirisha hasa. Linaziba. Upande huu bawa, upande ule bawa. Ardhi haionekani, Baba, labda ya mbali sana. Nimejaribu na kiti cha mbele yake, vilevile.

Lakini sijamaliza. Bado bawa la juu, bado nguzo za kati ya mabawa, bado nyuzi zako. Nipe muda. Nakupenda, na sikuambii hivyo mara nyingi kwa sababu ya ukali wako.

Mwanao,
Grasiana


Kilole, Korogwe
6 Machi 2024

Mwanangu,

Nimepata. Umesema kweli, ahsante. Ndivyo nilivyodhani siku zote.

Imalize tu, nitaiweka juu ya redio. Kifua kimekuwa kizito, Bernadina amenipeleka zahanati, nimepewa dawa. Usije, mvua zimeanza na una nguo za watu za Pasaka.

Baba yako,
Mikaeli


Mkata, Handeni
2 Aprili 2024

Shikamoo Baba,

Leo hakuna wa kuniitikia marahaba, na barua hii Muhidini haibebi. Tumekuzika Jumatatu ya wiki iliyopita, siku moja baada ya Jumapili ya Matawi. Watu walikuwa wengi. Padri alilikosea jina la ukoo wetu, ungemkemea pale pale.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo nilikuficha. Jibu lako nilikuwa nalo tangu tarehe tisa Machi.

Siku hiyo nilikuwa nabandika mlango. Baba, mlango wa ndege ile uko nyuma, karibu na mkia. Na ikisimama chini imekalia mkia, kwa hiyo sakafu ndani ni mlima. Nikawakumbuka wale watu wanne na kiti chao cha ofisini. Nikajaribu kumpitisha Bibi na kiti mpaka katikati. Haipitiki! Njia ni ya mtu mmoja, na ni ya kupanda. Mgonjwa aliyebebwa hivyo angewekwa wapi? Kiti cha kwanza, pale pale mlangoni. Hakuna namna nyingine.

Nikamkalisha hapo, nikaweka jicho. Kiti hicho kiko nyuma ya bawa, Baba. Hakuna kinachoziba. Chini kote kunaonekana, na hasa kule ndege ilikotoka. Nilitandaza kitambaa cheupe mezani kiwe katani, nikaweka kifungo chekundu juu yake, nikaipitisha ndege polepole. Kifungo kilipita dirishani pake chote, sawasawa. Nilipiga kelele dukani peke yangu. Alikuona. Uliposusa hakukuona, lakini ulipotoka mbio alikuona.

Ningekuandikia siku ile ile. Ningempigia hata Bernadina akuonyeshe kwa mikono. Lakini nilisema hapana, habari kama hii haiji na karatasi, ije na ndege yenyewe, uishike, uchungulie kwa macho yako. Zilikuwa zimebaki nyuzi tu, kazi ya siku mbili. Nikachambua katani yako, nikakaza kabisa kama ulivyoniagiza. Ikanyesha siku tatu mfululizo. Asubuhi ya nne nakuta nguzo mbili zimevunjika na bawa la juu limepinda. Katani ilikuwa imekunywa unyevu, imejivuta. Miaka thelathini kwenye mkonge, Baba, na ukasahau kuniambia kitu ambacho kila mwanika katani anakijua! Na mimi niliyekulia pale pale nikasahau kukuuliza. Nikachonga nguzo upya kwa vijiti vya meno, nikafunga nyuzi upya zikiwa zimelegea kidogo. Nilipanga Muhidini aje nayo Jumatatu ya tarehe ishirini na tano. Bernadina alinipigia Jumamosi adhuhuri.

Hivyo Jumatatu hiyo nilipanda basi la Muhidini mwenyewe nimeipakata. Hakunitoza nauli.

Nimemuuliza Bernadina siku zako za mwisho zilikuwaje. Anasema ulikuwa ukiikunjua barua yangu ile ya Februari, ukiisoma na kuikunja. Ile inayosema ardhi haionekani. Aliikuta chini ya mto wako. Hilo sitajisamehe, na sitaki mtu aniambie nijisamehe.

Ndege iko juu ya redio. Nimeiinua kidogo mbele, iko kama inaruka. Bibi yuko kiti cha mlangoni, uso nimeugeuzia dirishani. Kifungo chekundu nimekibandika juu ya kabati lililobeba redio, nyuma ya ndege kidogo, pale ulipokuwa ukikimbia.

Alikuona, Baba. Ulikuwa umevaa shati jekundu.

Mwanao,
Grasiana