Bluu Isiyotoka kwa Sabuni

Mdogo wangu mpenzi,

Simu yako haipatikani, ndiyo maana naandika. Paka wako amezaa juu ya vitambaa vyangu vipya, na mama mkwe kaninunia, eti chai yangu ni maji ya kunawia.

Mimi si mzima. Unavijua vidole vyetu sisi watia rangi nguo: bluu ndiyo sare yetu. Kwa hiyo vilipoanza kugeuka hakuna aliyeshtuka, hata mimi. Nilisugua kwa sabuni, nikasugua kwa mchanga, hadi kidole cha shahada kikachubuka. Kidonda kimegoma kupona, na ncha ya kidole imekuwa nyeusi.

Daktari alifuta kwa spiriti, pamba ikabaki nyeupe. Akanitumbukiza mikono kwenye maji baridi. Vidole vikawa vyeupe pe, kisha bluu, kisha vikawaka vyekundu nikapiga yowe.

“Mama, hii si rangi,” akasema. “Damu haifiki.”

Kidole hicho huenda wakakikata. Nitakamuaje nguo, jamani? Nitakula nini?

Akauliza kama nina ndugu mwenye hali hii. Nikasema hakuna. Nilipofika nyumbani ndipo nikakumbuka ulivyonicheka kwenye simu, asubuhi ile ya baridi: “Dada, rangi yako imenifuata mpaka huku!”

Mdogo wangu, kazi yako wewe ni kufundisha watoto kusoma. Hujawahi kugusa pipa la rangi.

Usisugue. Nenda hospitali leo hii.

Ni mimi dada yako,
niliyechelewa.