Mistari Myeupe Mbele ya Shule

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimefagia tena. Mvua ikinyesha milimani, mto Mulongwe unatapika matope barabarani, na mistari ya kuvukia mbele ya shule yetu inazikwa. Niliipaka mwenyewe wakati wa likizo. Leo kabla ya kengele nilisimama pale na ufagio, wanafunzi wangu wa mwaka wa sita wakinicheka. Wacheke. Neema hacheki. Yuko kwao Rugenge, mguu ndani ya plasta, tangu pikipiki ilipompitia jioni akitoka darasani. Zamu yetu ni ya mchana. Tunatoka mwanga ukiwa umeanza kufifia. Mwenye pikipiki alisema hakuona mistari yoyote. Na kweli haikuonekana. Hilo ndilo linaloniuma.

Jumatano, 8 Oktoba

Ofisi ya barabara. Nilikaa kwenye benchi hadi miguu ikafa ganzi. Niliomba rangi ya kweli, ile inayong'aa ikipigwa na taa za gari. Mkubwa wa pale hakuuliza habari za Neema. Aliuliza: "Weye mwalimu, ni nani alikupa ruhusa ya kupaka rangi ku barabara ya Leta?" Leta, yaani serikali, ile ambayo haijawahi kupaka hata nukta moja pale. Nimekwenda kuomba, nimerudi mshtakiwa. Nina hasira.

Jumamosi, 11 Oktoba

Kama hawanipi rangi, nitaitengeneza. Fundi mmoja wa magari aliniambia rangi ya barabara inang'aa kwa sababu ina chembe za kioo ndani yake. Basi. Nikaokota chupa zilizovunjika nyuma ya baa, nikazitwanga.

Kwenye kinu. Kinu cha mke wangu, anachotwangia sombe, majani ya muhogo. Sijui nilikuwa nafikiri nini. Nilidhani nitakiosha. Lakini kinu ni mti, na chupa imeingia ndani ya kila ufa. Mke wangu, Mama Amani, alikitazama, akanitazama mimi, akakibeba na kukitupa nje. "Sombe utaenda kula kwa mama yako," alisema. Mama yangu anakaa Baraka. Ni mbali.

Jumapili, 12 Oktoba

Baada ya misa nilichanganya chupa na rangi iliyobaki ya likizo, nikapaka. Mara ya kwanza, ikakauka, nikarudia. Jioni gari la kwanza lilipowasha taa, mistari iliwaka yote. Nilipiga kelele ya furaha peke yangu kando ya barabara.

Gari halikupunguza mwendo hata kidogo.

Jumanne, 14 Oktoba

Siamini. Nimefika shule, mistari haipo. Mama Nabintu, anayeuza unga ng'ambo ya barabara, ameanika mihogo juu yake. Nusu nzima ya barabara. Nyeupe juu ya nyeupe; hata mimi niliyepaka sijui mstari unaanzia wapi. Nilimfokea mbele ya watu. Hakuinuka hata kwenye kigoda chake.

"Apa njo kunakuwa safi, mwalimu. Weye mwenyewe unapafagia. Minye nianike wapi, mu matope?"

Kumbe siku zote hizi nilikuwa namfagilia yeye. Nikamwambia kuna chupa ndani ya ile rangi. Alidhani nampiga uongo, nikampeleka nyumbani akaone kinu. Mama Amani alimweleza kwa furaha kubwa, bila kuacha kitu. Walicheka mpaka wakashikana mabega. Mama Nabintu akarudi na shitingi, lile turubai la plastiki, akalitandika, akaanika palepale.

Alhamisi, 16 Oktoba

Watoto walikuwa wanafanya hesabu, mimi nipo dirishani nawatazama madereva. Lori lilikuja kutoka bandari ya Kalundu na mzigo wake. Nalijua. Linapita juu ya rangi yangu kila siku kama vile hakuna kitu. Leo lilipofika kwenye mihogo lilifunga breki, likasubiri upande wa pili uwe wazi, likapita polepole. Pikipiki nazo vilevile. Hapa hakuna anayekanyaga chakula cha mtu. Akikanyaga, wanawake wa soko zima watamshusha chini.

Mihogo wanaiheshimu. Watoto wangu, hapana. Nilitaka kulia. Kisha nikawaza kwamba kama ni hivyo, basi mihogo na ikae.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nilimwendea Mama Nabintu kwa adabu. Nilimwomba asianue mihogo mpaka watoto wawe wameshavuka jioni. Alikataa katakata. Jua likishuka, unyevu unaingia, muhogo unaota ukungu, unga unanuka, wateja wanahamia kwa jirani. Mihogo yenyewe anaivuta toka shamba la kaka yake, huko Kiringye. "Minye pia iko na batoto ya kulisha, mwalimu."

Ana haki. Ndiyo maana nimeumia zaidi. Mkubwa wa ofisi nilikuwa na haki ya kumchukia. Huyu nitamchukia kwa lipi?

Jumatatu, 20 Oktoba

Baba yake Neema alipita. Plasta imetolewa, mtoto anarudi kesho. Aliniuliza kama pale barabarani sasa ni salama. Nikamwambia tumepaka rangi mpya.

Jumanne, 21 Oktoba

Neema amekuja na mikongojo. Nilifundisha vibaya siku nzima.

Tulipotoka, mawingu yalikuwa yameshuka toka milimani. Wanawake wengine wote walikuwa wameshaanua mihogo yao. Mihogo ya Mama Nabintu bado ilikuwa barabarani, shitingi imevutwa kuingia kati kuliko siku zote. Yeye amekaa kando, beseni tupu mapajani, hanitazami.

Lori likafunga breki. Dereva akapiga honi, akatoa kichwa nje, akapiga kelele mama aondoe vitu vyake. Mama Nabintu akajifanya kiziwi. Neema akavuka polepole, kando ya mihogo, juu ya mistari iliyobaki. Alipofika ng'ambo aligeuka, akamwinulia dereva mkono.

"Aksanti, papa," alisema. Uso wake wote ulikuwa unacheka.

Nikamwacha aamini kwamba lori lilisimama kwa ajili yake. Manyunyu yakaanza, nikaenda kumsaidia Mama Nabintu kuanua. Vipande vya juu vilikuwa vimeshalowa.