Walikata Mkonge Wakaacha Ngozi

Mama Sein,

Takwenya. Najua hutaniitikia, lakini siwezi kuanza bila kukusalimia, na leo nikinyamaza nitapasuka.

Unakumbuka ile kazi yetu ya ubalozi wa Kenya huko ng'ambo, ya miaka ya tisini? Ile ngozi kubwa uliyoishona shanga, mimi nikaizungushia upindo wa mkonge, vile tunasuka vyondo kwetu Ukambani? Wameikata. Kwa mkasi! Wameleta mtaalamu wa kupamba ofisi, akasema mgeni akiingia anataka kuona Kenya, na Kenya ni shanga. Mkonge wangu ati unachanganya watu. Ngozi yako wameiacha ukutani kando ya picha ya simba. Upindo wangu wameushonashona ukawa mkeka, wakautandika mlangoni. Watu wanapangusia viatu.

Ni Sein wako aliyeona, akauliza, wakamweleza hivyo. Baada ya kukuzika alienda kusoma huko ng'ambo, na siku moja akaingia ubalozini kubadilisha pasipoti. Alinipigia simu akilia, nikadhani amefiwa tena.

Bure kabisa hao watu! Nani aliwaambia wewe ni Kenya na mimi ni matope?

Tuliifanya hapa Kitengela, uwanja mmoja wa ploti tuliyopanga wote, malori ya mawe yakipita na vumbi lao, tunaifunika na leso yangu. Ulikuwa unakata uzi na meno. Nikikuambia yatakwisha, unasema, "Nitakunywa uji." Tulipofika kwa kona, pale shanga zinakutana na mkonge, ulikataa nifunge fundo peke yangu. Ukashika ncha moja, nikashika nyingine, tukavuta. Na yule afisa alipokuja kuichukua akauliza hii ni ya kabila gani, ulimwangalia juu mpaka chini ukamwambia, "Ni ya hii ploti." Woi, nilicheka mpaka nikakaa chini.

Sasa juzi hao watu wa ubalozi wamenipigia. Wanataka nyingine, ya ubalozi mwingine, lakini niwatafutie Mmaasai wa kushona, na mkonge usiwekwe. Hata aibu hawana. Nikawaambia Mmaasai wangu nimemzika, na bila sisi wawili hamna kitu. Nikakata simu. Laiti ungekuwa hapa! Ungewatukana kwa Kimaasai, mimi nimalizie kwa Kikamba. Nililia, Mama Sein. Nililia kwa hasira, halafu nikalia kwa sababu yako.

Lakini huyo msichana ni wako kweli. Kabla arudi nyumbani alipita pale ubalozini tena. Hakuomba mtu ruhusa. Aliinama, akakunja mkeka, akautia kwa begi. Askari akamwita. Akamwambia akaite balozi aje aeleze ni mali ya nani. Hakuna aliyekuja.

Amefika nao Jumamosi. Uko na alama za viatu kila mahali. Nimeusugua na sabuni ya kipande, zingine zimekataa kutoka.

Nitanunua ngozi. Sein atashona shanga, vibaya mwanzoni, na mimi nitamkemea vile ungemkemea. Tutaweka mkonge wote, kila upande. Nakuahidi itakaa ukutani kwangu na haitoki tena hapa. Balozi akitaka kuiona Kenya aje Kitengela, abishe hodi, na viatu aviache nje.

Sere, dada yangu. Lala.

Mama Mutua