Punguza Mlima Kwanza

Baba,

Wiki jana kamba ya mpaka ilipita juu ya kaburi lako. Ncha moja niliishika mimi, ya pili aliishika Kariuki, jirani yako. Mama alisimama kando ya mibuni, mikono kifuani. Alikuwa ananiangalia mimi.

Hesabu ilikuwa yangu. Tangu ututoke, ofisi yetu ya upimaji hapa Nyeri imepata kompyuta, na mimi ndiye niliyefunzwa kuitumia. Kariuki mwenyewe ndiye aliyetaka mpaka wetu wa Kiganjo uhesabiwe upya nayo. Binti wa marehemu anaweza kupendelea, alisema, lakini "mashine haina jamaa. Kama imesema hii kaburi iko kwangu, mtatoa." Akatupa hadi Jumamosi.

 Siku tatu nilikukasirikia hata wewe, kwa kufa ukaniacha na kile kidude. Kisha nikaitandaza tena karatasi iliyochapwa, nikaona kitu ambacho ningekiona siku ya kwanza kama nisingeringa: kila kipimo cha kaskazini, yaani mita za kuonyesha jiwe liko kaskazini kiasi gani, kiliishia na sifuri mbili baada ya nukta. Kila kimoja. Shamba gani hilo, Baba, lisilo na sentimita?

Nikakumbuka ulivyokuwa ukifanya hesabu zako za upimaji pale kwenye meza ya jikoni, nami nikikucheka. Vipimo vyetu vya kaskazini vina tarakimu saba kabla hujafika kwenye nukta. Wewe ulichagua jiwe moja la mpaka, ukaliita sifuri, ukaitoa ile namba kubwa kwa mkono, halafu ukahesabu mabaki tu. "Punguza mlima kwanza, ndio uone kokoto." Nilidhani ni ushamba wa wazee. Kumbe mashine yetu hushika tarakimu kama saba tu. Niliipa mlima mzima, ikashiba, ikatupa sentimita zote bila kusema neno.

Jumamosi nilikuja na kitabu chako cha logi, kile cha majedwali ya hesabu. Nilitoa mlima mbele ya Kariuki, nikampa penseli, akajumlisha mwenyewe.  Mpaka ulirudi upande wake karibu sentimita arobaini. Wewe umebaki kwetu, Baba, kwa upana wa kiganja. Mama alikaa chini palepale kwenye udongo akalia.

Kariuki hakubisha. Aliniuliza tu, "Na hizo shamba zingine ulipima na hiyo kitu?"

Sikuwa nimefikiria. Siku zote hizo niliogopea kaburi lako peke yake. Ni mashamba kumi na moja, na sahihi yangu iko kwenye kila ramani. Mkubwa wangu amesema ninyamaze, ati watu wameshapanda ua wa mpaka. Nikifungua mdomo naweza kufukuzwa kazi, na ninaogopa, sikufichi.

Jumatatu naanza na shamba la kwanza. Nitasimama mlangoni kwa watu nisiowajua, niseme nilikosea, kisha nihesabu tena kama ulivyonionyesha. Yote kumi na moja, nakuahidi, hata nikiyafanya bila mshahara.

Pumzika, Baba. Kwako hatutarudi tena na kamba.

Binti yako,
Wangari