Mafaili Mia ya Kwanza

Biryogo, Kigali

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba Mungu goti liwe limetulia na unaweza tena kusali umesimama. Mama wiki hii hajanitumia hata sauti moja ya kunigombeza, kwa hiyo ama anaumwa ama simu yake imekufa, nijulishe ni lipi. Mimi ni mzima wa mwili. Mvua zimeanza huku, na fundi cherehani wa mlango wa pili ameingiza mashine zake zote ndani, tunapishana kwenye korido kwa ubavu. Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu habari hii ukisomewa kwenye simu itawafikia majirani kabla yako.

Najua unachongoja. Ni ile barua ya ajira ya kudumu. Ukinipigia huulizi, unakohoa tu, nami naelewa. Nitakujibu, ila niache nianzie mbali kidogo.

Ulisema ukiulizwa msikitini nafanya kazi gani unababaika. Kampuni yetu ipo Masoro, kwenye maghala na viwanda, na tunatunza seva za michezo, yaani kompyuta ambazo watu huingia kwa mtandao wakajenga pamoja miji ya kuchezea. Siku hizi anayezisimamia ni wakala wa akili mnemba, programu inayoamua na kutenda yenyewe. Mchukulie kama karani mgeni: hodari, hachoki, lakini haulizi. Hufuata maelezo aliyoandikiwa, na mwandishi wa maelezo hayo ni mimi. Pale ofisini hakuna mwingine anayeyasoma. Nina msomaji mmoja tu, na huyo hana hata uso.

Mwezi uliopita nilipewa kazi ya kueleza kifaa cha kuorodhesha mafaili. Wakala akitaka kujua folda ina nini, anakiita kifaa hicho nacho kinamletea majina. Aliyekitengeneza ni mwenzangu Faustin, Mnyarwanda aliyekulia Uganda. Aliniambia tukiwa kwenye foleni ya chakula cha mchana: "Zuhura, hiyo list inaleta mia moja ya kwanza tu. Zenye zinabaki, wakala aombe tena. Uandike, sawa?" Nikasema sawa, nikapakua wali na maharage, nikasahau. Nilipokwenda kukijaribu, seva ya majaribio ilikuwa na folda kumi na moja, nikaziona zote. Basi nikaandika: "Kifaa hiki huonyesha yote yaliyomo." Nilijisifu kwa ufupi wake.

Wewe mtu wa masjala ungenicheka. Miaka yote ile, chini ya kila ukurasa wa daftari la majalada uliandika "inaendelea", na penye jalada la mwisho ukaandika "mwisho", nasi watoto tukakuigiza tukidhani ni ukaidi wa kizee. Sasa nimejua ulikuwa unamwonea huruma karani atakayekuja baada yako.

Jumapili seva moja iliwashwa upya, na wakala akatafuta mji wa wachezaji uitwao Ziwani. Majina hupangwa kwa alfabeti, na Ziwani uliangukia nje ya ile mia. Hakuuona. Mtu angekuna kichwa akauliza, lakini yeye alikuwa na neno langu kwamba yote ni hayo. Akaamua mji haupo, akaunda Ziwani mpya, mtupu, juu ya ule wa zamani. Nakala ya akiba tuliyokuwa nayo ilikuwa ya wiki tatu nyuma. Mwanamke mmoja wa Goma, mmoja wa waliojenga mji huo, alituandikia: "Shule yetu tuliimaliza juzi. Iko wapi?"

Jumatatu bosi wetu, Madam Claudine, alituita wote akauliza kosa ni la nani. Faustin akasema, "Kifaa ni yangu. Mimi nitajibu." Madam akamwambia basi ajue mkataba wake unaishia mwisho wa mwezi. Nilikaa kiti cha pili kutoka kwake, nikatazama meza. Jumanne pia nilinyamaza. Nilijiambia sijadanganya mtu, nimekaa kimya tu, na kwamba barua yangu ilikuwa imebakiza saini moja. Baba, katika yote ninayokuandikia, hili ndilo ninaloonea haya.

Jumatano sikuweza tena. Nilikwenda kwa Madam kabla hata ya kuweka mkoba chini, nikamweleza. Akayafungua maelezo yangu, nadhani kwa mara ya kwanza tangu aniajiri, akaisoma ile sentensi mara mbili. "Faustin anabaki," akasema. "Na wewe unabaki, ariko," yaani lakini, "hiyo kazi ya kudumu tusiiongee tena mwaka huu." Nilirudi mezani nikayaandika maelezo upya, na ndipo nikaenda kumwomba Faustin radhi.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Niliona hiyo sentensi Jumatatu asubuhi, kabla ya mkutano. Nilifungua maelezo yako."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

Akavua miwani akaifuta kwa shati. "Wewe uko na mzee anangoja hiyo barua. Unasemaga kila siku. Mimi sina mtu anangoja."



Kwa hiyo Baba, barua haiji mwaka huu. Usimkasirikie mtu isipokuwa mimi, na ukimaliza kukasirika, niombee dua.

Nisalimie Mama, mwambie ninakula. Msalimie kaka Hamisi pale gereji, na shangazi Tatu, asiuze dagaa wote bila kunibakizia. Anayekuuliza msikitini mpe salamu zangu, na ukipenda mwambie ninaandika.

Na nina ombi. Ukinijibu, tia mstari mmoja wa kumwandikia Faustin. Muulize hali yake, muulize kama amekula, mwambie unangoja kusikia kutoka kwake. Ni mtu mzima, atajifanya hajali. Mwandikie tu.

Mimi mwanao,
Zuhura