Nilimkana mume wangu kwa sababu ya trei ya mifupa

Shangazi mpendwa, nisaidie, kwani hata kanisani siwezi kuinua macho. Mume wangu Urbanus huchunguza mifupa ya ndege iliyofukuliwa mahali watu wa kale waliishi, anatafuta kujua kama mikwaruzo iliyo juu yake ni ya binadamu aliyekata nyama au ni ya meno ya mnyama, na ili ajue tofauti yeye hununua kuku, anawakata kwa jiwe lenye makali hapa jikoni kwetu Membley, anachemsha mifupa na kuianika kwenye trei, na mimi nilishazoea, lakini Jumamosi kina mama wa kanisa walikuja kwa maombi nikasahau kuitoa ile trei kwenye veranda, na mwenyekiti wetu Mama Becky akaruka nyuma akisema, "Haiya! Wamboi, huu ni uchawi gani?" na wengine wakaanza kukemea kwa jina la Yesu, nikaogopa, nikasema, "Si yetu, kuna mtu aliiacha hapa, hata simjui vizuri," nikaimwaga mifupa yote kwa mbwa wa jirani, na nilipogeuka Urbanus alikuwa amesimama mlangoni, amesikia kila kitu.

Hakunigombeza. Alienda kwa jirani akaokota aliyoweza, akaniambia tu, "Hii sasa imetafunwa na mbwa, haiwezi kunisaidia." Tangu hapo amehamishia kazi yake kwa dadake huko Theta, anarudi akiwa ameshakula, nikimuuliza habari za kazi anasema ni sawa tu. Nianzie wapi, shangazi, na kina mama bado wanaamini uongo wangu?

Wamboi, Ruiru

Wamboi, pole. Kundi likianza kukemea, hata mtu jasiri hutetemeka. Hapo huruma yangu inaishia. Mwanamume anasimama mlangoni kwake anasikia mkewe akisema hamjui vizuri, halafu unashangaa akila kwa dadake? Na huyo Mama Becky, kuku wake wa Krismasi huwa hana mifupa?

Usimtumie ujumbe kwa simu. Nenda Theta mwenyewe, umwambie mbele ya dadake, "Nilikukana kwa sababu niliogopa watu." Ukishasema hayo nyamaza, usiongeze "lakini".

Kisha waite kina mama wale wale nyumbani, uwaambie ulidanganya. Urbanus akikubali, awaonyeshe alama ya jiwe na alama ya jino. Wakikasirika, wafungulie geti waende. Yeye akikataa kuja, usimlazimishe. Waambie ukiwa peke yako, na asikie kutoka kwao jinsi mke wake alivyosimama upande wake.