Nampenda Mama Mkwe au Nalipenda Boksi Lake?

Mpendwa Shangazi Mshauri,

Nisaidie kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo mama mkwe wangu anahamia kwangu na aliyeyataka yote ni mimi. Mchana natengeneza friji, wikiendi napiga gita kwenye bendi ya harusi, na nina amplifaya nzuri sana, ila nikiiunganisha na boksi langu la spika inalia kama nyuki kwenye kopo, nikajaribu boksi la mpiga besi wetu sauti ikawa kama mtu anayeongea na mto mdomoni, nikaazima la kwaya nikanyang'anywa kabla wimbo haujaisha, nikakata tamaa, hadi siku nilipokwenda kwa mama mkwe kurekebisha soketi, nikasogeza meza ya televisheni, nikainua kitambaa, kumbe si meza, ni boksi la spika la marehemu baba mkwe, aliyekuwa mpiga gita enzi zake!

Mama alikuwa ametoka kwenda kwenye kikundi chake cha kina mama, basi nikatoa amplifaya na gita garini, nikaunganisha, nikagusa uzi mmoja tu, mwili ukanisisimka. Sauti imejaa, tamu, kila noti inasikika peke yake. Tangu hapo kila akiwa na kikundi nina sababu ya kwenda, leo bomba linavuja, kesho kitasa kimelegea, na kitasa chenyewe nilikilegeza mimi, amplifaya naibeba kwenye mfuko wa nguo chafu. Akirudi ananikuta nakaza skrubu, anatia chai, ananisimulia mambo ya mumewe hadi nasahau kuondoka. Siku hizi hata televisheni anaishusha mwenyewe, anasema, "Nakupunguzia kazi, mwanangu, ukitaka kufuta vumbi." Mtaa mzima anawaambia hajaona mkwe kama mimi. Mke wangu, fundi cherehani, ananitazama kwa jicho la pembeni: "Bomba la mama linatengenezwa kila wiki, letu je?"

Jumapili mama akatuita wote, akasema, "Upweke umenichosha. Naenda kukaa kwa mkwe wangu anayenipenda." Mke wangu akalia kwa furaha. Nikauliza kama natania, "Na vitu vyako, mama?"

"Nguo zangu tu. Lile boksi namwachia huyu."

Huyu ni mwanyumba mwenzangu, mume wa dada wa mke wangu, seremala. Papo hapo akaligonga kwa vidole, akasema mbao safi hizi, atang'oa madude ya ndani apange viatu. Viatu, Shangazi! Mama akanitazama, akatabasamu, akaomba sukari.

Nikisema ukweli, mke atajua bomba lilikuwa uongo na mama atajua nilifuata boksi. Nikinyamaza, nabaki na mama bila boksi. Nifanyeje?

Mkwe Aliyekwama

*

Mkwe Aliyekwama,

Nimecheka hadi mhariri amekuja kuchungulia. Pole, lakini pole yako ni ndogo, maana ujinga wako ni mkubwa. Gita linapigwa sebuleni kwa watu, wewe unadhani majirani wameziba masikio? Mjane wa mpiga gita umfiche amplifaya kwenye mfuko wa nguo chafu, waya unaning'inia? Na tangu lini televisheni ikashushwa sakafuni ili mtu afute vumbi? Mama anajua, baba. Amejua zamani. Anachosubiri ni kuombwa, na hilo la seremala ni sikio lako linafinywa kidogo.

Hilo la kama unampenda, jiulize mwenyewe: zile chai ulizokunywa hadi ukasahau kuondoka, nazo ulikuwa unalifuata boksi?

Sasa sikiliza. Leo hii tengeneza bomba la mkeo. Ukiwa chini ya sinki, umelowa hadi mabegani, mwambie yote, na la kitasa usiliruke. Mtu aliye katika hali hiyo ni vigumu kumkasirikia sana. Kesho nenda kwa mama bila mfuko, bila bisibisi, useme: "Mama, naliomba boksi la baba." Kisha funga mdomo. Usimtungie hadithi nyingine. Seremala mpe lile boksi lako la nyuki. Viatu havina masikio.

Na kwa kuwa umekuwa ukichomeka tu bila kusoma, soma: nyuma ya boksi pameandikwa omu ngapi, kile kipimo cha ukinzani wa umeme, na nyuma ya amplifaya pia. Hakikisha vinakubaliana, na usiwashe amplifaya bila boksi kuunganishwa, utaiunguza halafu uniandikie tena unalia.

Mama akishahamia, usije ukamtupa chumba cha nyuma ukabaki unafurahia spika. Mwekee kiti kizuri pale sebuleni, umuulize anataka wimbo gani, umpigie huo, si unaoupenda wewe. Na akisema punguza, punguza.

Shangazi